Kesi ya Piso katika shaba na katika Tacitus: uchambuzi wa kisa cha sura moja ya tasnifu

## Kuhusu kisa

Kisa hiki kinahusu sura moja ya tasnifu ya uzamili katika historia ya dola ya Kirumi, sura ambayo mwandishi wake alidhani ingemchukua miezi miwili na ikamchukua karibu mwaka. Jina lake, la chuo na la msimamizi yameondolewa, pamoja na mambo madogo ambayo yangeweza kumtambulisha mtu. Hapa ataitwa mtafiti. Mimi nilikuwa msomaji wa pili wa sura hiyo, kwa hiyo baadhi ya makosa nitakayoyataja ni yangu.

## Usuli

Tarehe 10 Oktoba mwaka 19 BK, Germanicus, mwana wa kuasiliwa wa Kaisari Tiberius na mtu aliyetazamiwa kumrithi, alifariki karibu na Antiokia ya Syria akiwa na umri wa miaka 33. (Huyu Tiberius ndiye yule ambaye Injili ya Luka inahesabu miaka kwa utawala wake.) Germanicus alikuwa ametumwa mashariki mwaka 17 akiwa na mamlaka yaliyozidi ya maliwali wote wa upande huo, na liwali wa Syria wakati huo alikuwa Gnaeus Calpurnius Piso, mtu wa ukoo mkubwa aliyewahi kuwa konsuli, yaani mmoja wa wakuu wawili wa mwaka wa dola, pamoja na Tiberius mwenyewe mwaka 7 KK. Wawili hao hawakupatana tangu mwanzo. Kabla ya kufa Germanicus alitangaza kuvunja urafiki na Piso, akiamini kwamba amelishwa sumu. Piso, aliyekuwa ameshaondoka Syria, aliposikia habari za kifo alirudi kulitwaa jimbo kwa silaha, akazingirwa Celenderis katika pwani ya Kilikia, akashindwa, akaruhusiwa kusafiri kurudi Roma. Alishtakiwa mbele ya Seneti mwaka 20, na kabla kesi haijaisha akakutwa amekufa, koo limekatwa, upanga uko sakafuni.

Kwa karne nyingi karibu yote tuliyoyajua kuhusu kesi hiyo yalitoka kwa mwanahistoria wa Kirumi Tacitus, katika kitabu cha 2 na cha 3 cha historia yake iitwayo Annales, alivyoviandika yapata miaka 100 baada ya tukio. Suetonius na Cassius Dio wanaongeza machache tu. Tena vitabu 6 vya mwanzo vya Annales vimetufikia kwa mswada mmoja wa karne ya 9, ambao sasa uko Florence. Nakala nyingine zote za vitabu hivyo zimetokana na huo.

Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1980, katika eneo la Andalusia kusini mwa Hispania, watu waliokuwa wakitafuta vitu vya kale kwa mashine za kutambua metali waliibua vipande vya mabamba ya shaba yenye maandishi ya Kilatini. Vilipopitia sokoni na kuishia katika jumba la makumbusho la Sevilla, ilibainika kwamba ni nakala kadhaa za hati moja: azimio la Seneti kuhusu Gnaeus Piso mzee. Nakala iliyo kamili zaidi, inayoitwa A, ina safu 4 na mistari 176, na ni maneno machache tu yaliyopotea. Werner Eck, Antonio Caballos na Fernando Fernández waliitoa rasmi mwaka 1996. Kwa hiyo leo tunayo kesi moja yenye simulizi ndefu la mwanahistoria na hati rasmi ya serikali ya mwaka uleule, jambo ambalo ni nadra mno katika historia ya Roma.

## Rasimu ya kwanza

Rasimu ya kwanza ilimfuata Tacitus peke yake, na ilisomeka vizuri, kwa sababu anayemfuata Tacitus huazima na kalamu yake. Mifupa ya binadamu iliyofichwa ndani ya kuta na sakafu, mabamba ya risasi ya kiuchawi yaliyochorwa jina la Germanicus, mkewe Agrippina akishuka katika bandari ya Brundisium na chombo cha majivu ya mumewe mikononi: yote yalikuwamo. Tatizo lilikuwa katika sentensi moja ya ufunguzi, iliyosema kwamba kwa mujibu wa Tacitus, Piso alimuua Germanicus kwa sumu.

Tacitus hasemi hivyo. Anasema kwamba Germanicus aliamini hivyo, kwamba marafiki zake walidai hivyo, na kwamba mwili uliowekwa wazi katika soko la Antiokia ulitazamwa kwa macho tofauti na watu wa kila upande. Baadaye, anapofika kwenye kesi yenyewe, anasema waziwazi kwamba shtaka la sumu ndilo pekee ambalo utetezi ulionekana kulifuta. Ufundi wake uko hapo: anamwacha msomaji na hisia ambayo yeye mwenyewe hajaitia saini. Mtafiti aliichukua hisia akaiandika kama kauli.

Msimamizi alirudisha rasimu na agizo la mstari mmoja: soma azimio la shaba. Agizo lilikuwa sahihi lakini fupi mno, nami nililiunga mkono bila kuongeza neno.

## Rasimu ya pili: shaba inapotawazwa

Miezi mitatu baadaye ilikuja rasimu iliyopinduka kabisa. Sasa shaba ndiyo ilikuwa shahidi na Tacitus mshtakiwa. Kila mahali vyanzo viwili vilipotofautiana, mtafiti aliandika kwamba azimio "linasahihisha" Tacitus. Kila mahali azimio liliponyamaza, aliandika kwamba Tacitus "alibuni". Nilipomuuliza sababu, alijibu, "Mwalimu, shaba ni ya mwaka uleule, na haikunakiliwa na mtawa yeyote." Yote mawili ni kweli, na bado hayatoshi.

Nitaeleza mahali pawili ambapo hoja hiyo ilimwangusha, kwa sababu ndipo kisa kizima kilipo.

La kwanza ni sumu. Azimio halitaji sumu hata mara moja. Mtafiti akahitimisha kwamba Seneti ilimsafisha Piso na tuhuma hiyo. Lakini ukisoma maneno yenyewe, azimio linasema kwamba Germanicus mwenyewe ndiye aliyeshuhudia kuwa Piso ndiye sababu ya kifo chake, na kwamba hakukosea kuuvunja urafiki wake naye. Hiyo ni sentensi ya watu waliokaa wakaipima. Wasingeweza kulithibitisha shtaka ambalo, kama Tacitus anavyosema, lilikuwa limeshindwa mbele yao. Wala wasingeweza kulikana hadharani wakati umati wa Roma ulikuwa umeliamini. Wakaliweka kinywani mwa marehemu, ambaye haulizwi swali. Ukimya huo hatuwezi kuutambua kuwa ni ukimya wenye sababu mpaka tumsome Tacitus, yaani chanzo kilekile ambacho rasimu ilikuwa imekifukuza.

La pili ni Plancina, mke wa Piso, aliyeshtakiwa pamoja naye kisha akaachiwa. Tacitus anasimulia kwamba Tiberius alimwombea kwa aibu na fedheha, akijikinga nyuma ya maombi ya mama yake Livia, na kwamba watu waadilifu walinung'unika chini kwa chini. Mtafiti aliandika kwamba huu ni uzushi wa mwanahistoria mwenye chuki na utawala wa makaisari. Bahati mbaya kwake, azimio linasema jambo lilelile, tena bila kuona haya: kwamba Plancina alikabiliwa na mashtaka mengi mazito, kwamba Kaisari wetu aliliomba baraza limsamehe kwa ombi la mama yake, na kwamba mama huyo anastahili kusikilizwa kwa yote anayoiomba Seneti, si kwa kumzaa mtawala tu bali pia kwa fadhila zake nyingi kwa watu wa kila tabaka, ingawa uwezo huo ameutumia kwa nadra sana. Tukio ni lilelile katika vyanzo vyote viwili. Kilichobadilika ni sauti: Seneti inashukuru pale ambapo Tacitus anaona aibu. Hapa shaba haikumsahihisha Tacitus hata kidogo. Ilimthibitisha kwa kiasi ambacho wasomi wachache wangethubutu kukitarajia kabla ya kupatikana kwake.

Kulikuwa na kosa la tatu, la kiufundi, nalo lilikuwa langu kama lilivyokuwa lake. Kwa kulinganisha heshima alizopewa marehemu Germanicus, rasimu ilinukuu hati nyingine ya shaba kutoka Hispania, ile iitwayo Tabula Siarensis, ambayo imevunjika vibaya kuliko azimio la Piso. Maneno kadhaa aliyoyanukuu yalikuwa ndani ya mabano ya mraba. Katika utaratibu unaotumiwa na wahariri wa maandishi ya kuchongwa tangu miaka ya 1930, mabano ya mraba huonyesha herufi ambazo hazipo tena kwenye bamba na ambazo mhariri amezijaza kwa kukisia, ilhali mabano ya duara hukamilisha vifupisho. Tafsiri aliyoitumia ilikuwa imeyaondoa mabano yote ili isomeke kwa urahisi. Hivyo akajenga aya nzima juu ya maneno ya mhariri wa karne ya 20 akidhani ni ya Seneti ya karne ya 1. Mimi niliipitisha aya hiyo mara mbili bila kuangalia Kilatini.

## Tatizo la Desemba

Kikwazo kikubwa kilikuwa tarehe. Azimio limetiwa tarehe 10 Desemba mwaka 20. Tacitus anaipanga kesi baada ya watu wa Roma kuambiwa waache maombolezo kwa kuwa michezo ya Megalesia, ambayo huwa Aprili, imekaribia. Na baada ya kumaliza kesi ndipo anamwingiza Drusus, mwana wa Tiberius, mjini kwa shangwe ya ushindi. Shangwe hiyo tunaifahamu siku yake kutokana na maandishi mengine ya mawe, kalenda ya mji wa Ostia, inayoiweka tarehe 28 Mei. Ukimfuata Tacitus, basi, kesi iliisha kabla ya mwisho wa Mei. Ukiifuata shaba, Seneti bado ilikuwa ikiulizwa juu ya Piso zaidi ya miezi 6 baadaye.

Wataalamu wamegawanyika. Wahariri wa 1996 walishika kwamba kesi yenyewe ilikuwa mwishoni mwa mwaka na kwamba Tacitus ndiye aliyevuruga mpangilio. Wengine wamejibu kwamba kesi ilimalizika Mei kama Tacitus anavyoonyesha, na kwamba hati ya Desemba ni mkusanyiko wa maamuzi ya vikao mbalimbali, uliotayarishwa kwa ajili ya kutangazwa majimboni baada ya mambo yote yaliyoambatana na kesi kukamilika. Kila upande una hoja. Azimio linaanza kwa kueleza kwamba Tiberius aliuliza Seneti inaionaje kesi ya Piso mzee na kama inaonekana alistahili kujitoa uhai, swali ambalo ni la ajabu kuulizwa nusu mwaka baada ya mazishi. Kwa upande mwingine, hati yenyewe inafunika mambo mengi ya aina tofauti: mwana wa Piso, Marcus, mkewe, wafuasi wake wawili, Visellius Karus na Sempronius Bassus, mali, sanamu, jina. Ni vigumu kuamini kwamba yote hayo yalimalizwa katika kikao kimoja.

Mtafiti alitaka kuchagua upande. Aliona kwamba sura isiyo na tarehe ni sura isiyo na uti wa mgongo.

## Maamuzi na sababu zake

Tulikutana watatu, na maamuzi manne yakafanywa, ingawa si yote yaliyokuwa na uzito sawa.

Kwanza, mtafiti aliacha kwa muda kuandika insha akachora jedwali la matukio, kila safu ikiwa na chanzo kinacholitaja tukio na, jambo lililokuwa gumu zaidi, ni nani ndani ya chanzo hicho anayelisema: mwandishi, mshtaki, umati, marehemu, au "wazee" ambao Tacitus anasema aliwasikia wakizungumzia barua za siri alizokuwa nazo Piso. Sababu ilikuwa kutenganisha kauli na uvumi ulioripotiwa, kwa kuwa hapo ndipo rasimu ya kwanza ilipojikwaa. Jedwali lilichukua wiki 5 na likafuta theluthi moja ya nukuu.

Pili, kila nukuu ya maandishi ya kuchongwa ilirudishwa kwenye Kilatini chenye mabano yake. Hili halihitaji maelezo.

Tatu, lilikuja suala la istilahi, ambalo lilizua ubishi mrefu kuliko nilivyotarajia. Mtafiti alikuwa ametafsiri *maiestas* kwa neno "uhaini" kila lilipotokea. Katika mashtaka ya Kirumi tafsiri hiyo inavumilika. Lakini azimio linasema kwamba Piso alipuuza *maiestas* ya nyumba ya Augustus, kaisari wa kwanza, na hapo huwezi kusema alipuuza "uhaini" wa mtu. Ni adhama, ukuu unaodai kuheshimiwa. Tukiweka "adhama" jambo kubwa linajitokeza: Seneti inazungumza juu ya adhama ya familia, si ya taifa la Roma peke yake, miaka 6 tu baada ya kifo cha Augustus. Nadhani hii ndiyo aya bora katika tasnifu nzima, nayo ilizaliwa na ugumu wa kutafuta neno la Kiswahili; aliyekuwa akiandika kwa lugha iliyorithi neno hilo kutoka Kilatini angeweza kupita bila kuliona.

Nne, tarehe iliachwa wazi. Mtafiti alikubali kwa shingo upande. Tulimwomba aeleze hoja za pande zote mbili, aseme ni upi anaouegemea, kisha aandike sura ambayo haitaporomoka hata upande mwingine ukishinda. Alielekea kwa wale wa Mei.

## Matokeo

Rasimu ya tatu iliacha swali la nani anasema kweli na kuuliza kila chanzo kilikusudiwa kufanya kazi gani. Azimio lenyewe linajibu kwa upande wake: linaamuru lichongwe kwenye shaba na kuwekwa katika mji wenye watu wengi zaidi wa kila jimbo, mahali penye watu wengi zaidi, na pia katika kambi za majira ya baridi za kila jeshi, karibu na bendera. Hati inayowekwa mbele ya askari inaandikwa kwa ajili ya askari. Ndiyo maana inalaani kwamba Piso aligawa fedha za Kaisari kwa jina lake mwenyewe na kufurahi askari wengine wakiitwa wa Piso na wengine wa Kaisari, na ndiyo maana inamalizia kwa kuwahimiza waliobaki wawe waaminifu kwa nyumba ya Augustus.

Mapatano ya vyanzo yalionekana zaidi pia. Tacitus anasema umati ulizivuta sanamu za Piso kwenda kuzivunja zikaokolewa kwa amri ya mtawala. Azimio linawasifu wananchi wa kawaida kwa kuwa, ingawa waliwaka hamu ya kumwadhibu Piso kwa mikono yao, walikubali kuongozwa na Kaisari. Fujo ni ileile, imegeuzwa kuwa sifa. Na kinyume chake, Tacitus anatupa kile ambacho azimio limekifuta: kwamba konsuli Cotta alipendekeza jina la Piso lifutwe katika orodha ya makonsuli na Tiberius akakataa, akisema kwamba hata jina la Marcus Antonius aliyeipiga vita nchi yake limebaki. Hati rasmi ina mambo yaliyopitishwa tu. Ubishi uliotangulia haumo.

Tasnifu ilipita baada ya marekebisho madogo. Hata hivyo mtahini wa nje aliuliza swali moja ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa ameliandaa: kama agizo lilikuwa kwa majimbo yote, kwa nini nakala zilizopatikana zinatoka katika jimbo moja tu la Baetica, huko kusini mwa Hispania, tena zaidi ya moja? Mtafiti alijibu kwamba ni bahati ya uchimbaji. Mtahini hakuridhika, na alikuwa na haki.

## Uchambuzi

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni jedwali. Lilimlazimisha mtafiti kuona kwamba Tacitus si sauti moja bali ni chumba chenye watu wengi wanaozungumza, na kwamba shaba, inayoonekana kuwa sauti moja, imetokana na mikono mingi: Seneti iliyopiga kura, kwestori (afisa) wa Tiberius aliyeandika kwenye vibao 14, Tiberius aliyetia maelezo yake mwishoni akiagiza vihifadhiwe, na fundi wa mkoani aliyekosea herufi hapa na pale.

Kilichoshindwa ni agizo letu la mstari mmoja. Kumwambia mwanafunzi asome hati bila kumwambia asome nini ndani yake ni kumhamisha kutoka imani moja hadi nyingine. Alitoka kumwamini Tacitus kwa sababu anaandika vizuri, akaenda kuiamini shaba kwa sababu ni ya zamani zaidi, na katika hali zote mbili hakukiuliza chanzo kilitaka nini kwake. Pia kuna somo kwetu wasimamizi juu ya tafsiri: tuliiacha itumike kana kwamba ni hati, na mabano yakapotea.

Kuacha tarehe wazi kulikuwa uamuzi sahihi, ingawa kulikuwa na gharama. Sehemu ya tatu ya sura, inayohusu hali ya mjini Roma wakati wa kesi, ilibaki dhaifu, kwa kuwa Roma ya Mei yenye shangwe ya Drusus na Roma ya Desemba si mji mmoja. Sioni jinsi ambavyo hilo lingeepukika.

Lakini swali la mtahini ndilo linalonisumbua hadi leo, kwa sababu jibu lake lilikuwa mbele yetu na sisi ndio tuliolikata. Nakala A inaanza kwa mstari wa kichwa ambao haukuandikwa na Seneti: unasema kwamba azimio hili limetangazwa na Numerius Vibius Serenus, liwali. Katika rasimu ya pili mtafiti alikuwa na aya fupi juu ya mstari huo, nami niliandika pembeni kwamba ipunguzwe kwa kuwa haihusu kesi. Ikaondolewa yote. Lau ingebaki, angekuwa na la kusema: kwamba wingi wa nakala za Baetica huenda unatokana na liwali mmoja aliyetaka utiifu wake uonekane kuliko ilivyoamriwa, na akahakikisha jina lake linasomwa kabla ya jina la Kaisari. Na Tacitus, aliyekuwa mshtakiwa katika rasimu ya pili, ndiye anayetuambia Serenus huyo aliishia wapi. Mwaka 23 alitiwa hatiani kwa ukatili wa utawala wake katika jimbo hilohilo, akapelekwa uhamishoni kisiwani Amorgos.